Kujitolea kwenye atlasi ya ndege: rivyuu yangu ya ukweli, mazuri yake na yanayokera

Mtu akiniona na darubini shingoni na simu mkononi huwa ana maswali mawili, kwanza nalipwa kiasi gani, pili na yeye anajiungaje. La kwanza rahisi, silipwi. La pili ndio limenifanya niandike hii rivyuu, maana kujisajili ni dakika chache tu lakini hakuna anayekuambia mapema unaingia kwenye kitu gani, na mimi naona atlasi ya ndege ikadiriwe kama huduma nyingine yoyote, si unapewa akaunti, unapewa namba yako ya mwangalizi, unapewa apu na ramani, halafu wewe unalipa kwa muda na macho na miguu. Eti kwa vile ni bure basi isikosolewe? Hapana.

Kwa asiyejua kabisa, atlasi ya ndege ni mkusanyiko wa ramani zinazoonyesha kila aina ya ndege anapatikana wapi na wapi hapatikani. Zamani ilikuwa kitabu kikubwa, siku hizi ni tovuti inayobadilika kila siku. Nchi inakatwa viboksi, watu wa kawaida wanaingia kiboksi kimoja kimoja wanaandika kila ndege waliyemwona au kumsikia, basi. Uingereza na Ayalandi walifanya ya ndege wanaotaga mwaka 1968 hadi 1972, enzi za penseli na karatasi na posta, wakarudia 1988 hadi 1991, wakaja tena 2007 hadi 2011 na hiyo ya mwisho ilibeba watu zaidi ya 40,000 na rekodi milioni 19 hivi. Ulaya nzima nao walitoa ya pili mwaka 2020, nchi 48, watu kama 120,000 walioshiriki. Afrika Kusini na majirani zake walianza 1987 hadi 1991, wakafungua ya pili Julai 2007 na mpaka leo haijafungwa, inaendelea tu. Kenya wakaingia kwenye mfumo huo huo 2013, Nigeria wakafuata. Kwa hiyo hiki si kitu cha wazungu wastaafu peke yao kama watu wanavyodhani.

Mimi nazungumzia zaidi huu mfumo wa Afrika, wa pentadi, kwa sababu ndio ninaoutumia. Pentadi ni kiboksi cha dakika 5 kwa dakika 5, sio dakika za saa, ni zile za latitudo na longitudo. Karibu na ikweta inatoka kama kilomita 9 na kidogo kila upande, ukizidi kwenda mbali na ikweta kiboksi kinabanwa upande wa mashariki na magharibi kwa sababu ya umbo la dunia, ukifika latitudo 60 upana umebaki nusu. Atlasi ile ya kwanza ya Afrika Kusini ilitumia viboksi vya dakika 15, yaani tisa za hizi zinaingia ndani ya kimoja cha zamani. Tofauti ni kubwa sana, kiboksi cha kilomita 27 kinaweza kubeba mlima na ziwa na mji na shamba la miwa vyote pamoja, halafu unaona nukta moja kwenye ramani hujui ndege alikuwa juu mlimani au chini kwenye matete. Kwa pentadi angalau unajua jirani yake ni nani. Hapo nawapa maksi zote.

Sasa utaratibu wenyewe, na hapa ndipo wengi huwa wanakimbia.

Kadi ni orodha yako ya ndege wa pentadi moja, na kadi kamili inataka saa mbili zisizopungua za kuangalia kwa bidii ndani ya pentadi moja, na katika hizo saa mbili unatakiwa ujitahidi kupita kila aina ya mazingira yaliyopo humo, kama kuna mto upite mtoni, kama kuna kichaka uingie kichakani, kama kuna dampo basi na dampo, usikae tu pale penye kivuli na kiti. Baada ya hizo saa mbili kadi inabaki wazi hadi siku tano, unaweza kuongeza ndege wapya utakaokutana nao ndani ya pentadi hiyo hiyo, zikiisha siku tano inafungwa, ukitaka unafungua nyingine. Ndege unawaandika kwa mpangilio uliowakuta, wa kwanza kuonekana au kusikika ndio wa kwanza kwenye orodha. Vichwa hutakiwi kuvihesabu, hata wakiwa elfu moja juu ya mti mmoja unaandika jina mara moja tu.

Mwanzoni unaona kama ni ujinga. Kwa nini mpangilio? Lakini ukifikiria, ndege aliye wengi na mwenye kelele ndiye atakayeingia dakika za mwanzo kwenye kadi za watu wengi, yule adimu ataingia kadi moja moja tena mwishoni mwishoni, kwa hiyo ule mpangilio wenyewe unabeba habari ya wingi bila mtu kuhesabu hata kichwa kimoja. Nani aliyewaza hivi sijui lakini alikuwa na akili, maana kuhesabu ndege ndiko kunakokatisha watu tamaa, kundi la mbayuwayu likipita mara tatu ni wale wale au wengine? Hapa hilo swali halipo kabisa.

Halafu kuna kiwango cha kuripotiwa, hii ndio roho ya kitu chote. Wanachukua kadi zote kamili za pentadi fulani wanaangalia ndege fulani yumo kwenye ngapi. Kadi 20, yumo kwenye 15, kiwango ni asilimia 75. Baada ya miaka kumi kadi nyingine 20, yumo kwenye 4. Hakuna aliyeona ndege akifa, hakuna aliyelia, lakini namba imeshasema. Afrika Kusini walivyolinganisha atlasi ya kwanza na ya pili karani, yule ndege mwenye miguu mirefu anayetembea nyikani akikanyaga nyoka, akaonekana amepungua sehemu nyingi alizokuwepo mwanzo, na mwaka 2020 akapandishwa rasmi daraja kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Uingereza nako hua alionekana amerudi nyuma vibaya sana huku yangeyange mdogo, ambaye mpaka 1996 hakuwa ametaga nchini mwao hata mara moja, amejaa kusini yote. Na ile ya Ulaya ilipolinganishwa na ya kabla yake ikaonyesha ndege kwa wastani wamesogea kaskazini kilomita 28 hivi ndani ya miaka kama 30. Hayo yote yametoka kwa watu waliokuwa wanaandika majina kwenye kadi wikendi.

Ila mahesabu hayo yanafanya kazi kwa sharti moja tu, uandike WOTE. Na hapa niseme kitu ambacho kinaniudhi kwa waangalizi wenzangu kuliko kitu kingine chochote. Kuna watu wanaona aibu kuandika kunguru. Anatoka asubuhi nzima anarudi na majina kumi na mbili, yote ya kifahari, mwewe adimu, korongo wa msimu, bata wa kutoka mbali, na hakuna njiwa hata mmoja, hakuna shomoro, hakuna kunguru. Kaka, ulipita wapi pasipo na kunguru? Orodha ya hivyo ni albamu ya harusi yenye picha za bibi harusi peke yake, hujui nani alikuja nani hakuja. Ukiacha shomoro kwa sababu ni shomoro tu, kompyuta haijui kwamba ulimdharau, inaelewa kwamba hakuwepo. Sasa watu thelathini wakimdharau pamoja, kwenye ramani ameshatoweka na yuko pale dirishani anakula makombo.

Na usidhani hao wa kawaida ni salama. Shomoro wa nyumbani Uingereza alianza kupungua tangu miaka ya sabini na watu wanapita tu, ni shomoro bwana, mpaka 2002 akawekwa kwenye orodha nyekundu ya nchi yao, ile ya ndege walio kwenye hali mbaya. Kama kusingekuwa na wazee waliokuwa wanamwandika kila wiki bila kuchoka nani angejua ameanza lini kupungua? Kwa hiyo ukiniuliza mimi faida kubwa ya hii huduma kwa mtumiaji ni hiyo, inakulazimisha uandike kilichopo, sio unachokipenda, na baada ya muda unaanza kumwangalia njiwa vizuri, unagundua kumbe wale uliokuwa unawaita njiwa wako aina tatu.

Haya, apu. Ninayotumia mimi siitaji jina kwa sababu kuna nyingi zinafanana na zote zina magonjwa yale yale. Uzuri wake, inatumia jipiesi ya simu kukuambia uko pentadi gani na ukivuka mstari inakustua, kitu ambacho zamani watu walikuwa wanafanya kwa ramani ya karatasi na rula, nawasifu sana hao watu. Inafanya kazi bila mtandao, unaandika tu porini huko halafu ukifika penye mtandao inatuma yenyewe. Kila jina linawekwa saa na mahali, kwa hiyo ule mpangilio na yale masaa huna haja ya kuandika.

Ubaya wake sasa. Betri. Jipiesi ikiwa wazi saa mbili na skrini imepandishwa mwanga hadi mwisho kwa sababu ya jua, simu yangu inakuwa ya moto na chaji inashuka unaiona kwa macho, bila pawabenki usitoke. Halafu kuchapa majina. Unaandika herufi tatu apu inakuletea majina ambayo mengine ni ya ndege wa bara jingine kabisa, na kidole kikiteleza umeshamweka ndege wa Amerika Kusini kwenye kadi yako, na wakati huo huo kuna kitu kimelia nyuma yako na mwingine anapita juu na hujui uangalie wapi. Hizo dakika kumi za mwanzo alfajiri ni vurugu tupu, ndege wote wanalia kwa pamoja, mkono mmoja darubini mkono mwingine simu, unachapa bila kuangalia, unarudi kusahihisha, mpangilio unaanza kuharibika. Nimeona wenzangu wengine wanasema majina kwa kurekodi sauti halafu wanaingiza baadaye kidogo, wengine bado wana kidaftari na kalamu ya kamba shingoni, na kwa kweli wenye kidaftari hao ndio wanaoangalia ndege zaidi. Kama apu ingekuwa na orodha fupi ya ndege 30 wanaopatikana zaidi kwenye pentadi hiyo, unagusa tu, hii shida ingeisha nusu yake. Data hiyo si wanayo? Sisi ndio tuliowapa!

Kitu kingine ni majina kubadilishwa. Wataalamu wa uainishaji hawatulii, kila mwaka orodha za dunia zinafanyiwa marekebisho, aina moja inagawanywa mbili, mbili zinarudishwa moja. Mwaka 2024 orodha inayotumiwa na eBird, ile huduma nyingine ya kuandika ndege mtandaoni, ilimgawanya yule bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, aliyekuwa aina moja karibu dunia nzima, akawa wa magharibi, wa mashariki na wa Amerika. Sawa, sayansi ndivyo ilivyo. Ila siku ukifungua apu ukakuta ndege uliyemzoea hayupo kwa jina lake unaweza kudhani simu imeharibika. Notisi moja tu ingetosha.

Na kwa vile nimeitaja eBird, watu watauliza kwa nini nisitumie hiyo tu yaishe. Ni swali zuri. eBird ilianzishwa 2002 na maabara ya ndege ya chuo kikuu cha Cornell pamoja na Audubon, shirika la ndege la Marekani, ni ya dunia nzima, apu yake ni laini sana, unaweza kuandika orodha ya dakika kumi na tano ukaenda zako, na kabla hujatuma inakuuliza kama umeweka ndege wote ulioweza kuwatambua, swali hilo moja ni zito kuliko linavyoonekana kwa sababu hizo nilizosema za kunguru. Huko unahesabu vichwa, ukishindwa unaweka X badala ya namba. Kwa mtu asiye na saa mbili au anayesafiri nchi hadi nchi ile ni bora, bila ubishi. Lakini haikusukumi. Watu wanaenda pale palipojulikana kuwa na ndege wazuri, wanaandika, wanaondoka, sehemu moja ina orodha elfu moja na ya jirani haina hata moja. Atlasi inakuonyesha ramani yenye viboksi vilivyopakwa rangi kadiri kadi zinavyoongezeka na vile ambavyo havijaguswa viko vitupu kabisa, na ukikaa ukaangalia vile vitupu, sijui ni ugonjwa gani, unaanza kupanga safari. Nimeshajikuta kwenye mashamba ya mkonge yasiyo na kitu, hakuna mtalii atakayekanyaga pale maisha yake yote, kwa sababu tu kiboksi kilikuwa kitupu. Na ndege walikuwepo. Wachache, wa kawaida, lakini sasa inajulikana.

Wengi wetu tunatumia zote mbili, hakuna ugomvi.

Sasa nije kwenye uhakiki, sehemu ambayo hii huduma inapoteza watu. Ukiandika ndege ambaye kwa kawaida hapatikani sehemu hiyo mfumo unakusimamisha, unaletewa fomu ujieleze, ulimwonaje, mwanga ulikuwaje, kwa nini sio yule mwingine anayefanana naye. Hiyo fomu inaenda kwa mhakiki ambaye naye ni wa kujitolea, halipwi kama wewe usivyolipwa. Mimi naunga mkono uhakiki moja kwa moja, bila hiyo ramani ingekuwa na pengwini jangwani. Shida ni namna. Kuna mama mmoja kwenye kundi letu, mtu mzima, amekaa na ndege tangu ujana wake, masikio yake yanazidi apu yoyote, aliandika kigong'ota fulani nje kidogo ya eneo lake, akaletewa meseji ya mistari miwili, haina hata salamu, "Rekodi haijathibitishwa. Leta picha." Mama akajibu kwa upole kabisa, mwanangu shikamoo sikuisikia lakini nakujibu, ndege huyo sikumwona, nilimsikia akigonga na kulia mara nne kwenye mti mkavu kando ya kijito, sauti yake naijua kwa sababu alikuwa anataga nyumbani kwa baba yangu. Akaeleza mlio vizuri mpaka ukisoma unausikia. Kimya. Miezi imepita rekodi imekaa tu "inasubiri". Sasa mtu wa namna hiyo ataandika tena?

Wahakiki wengine lakini ni watu na nusu. Kuna mmoja akikuuliza swali anaanza na habari yako, anakuambia kwanza kilichomvutia kwenye orodha yako, halafu ndio anasema huyu namba 17 naomba unisaidie maana na mimi ananisumbuaga. Akikataa anakueleza alama za kuangalia siku nyingine. Nimejifunza ndege wa kahawia wadogo kutoka kwa huyo kuliko kitabu chochote. Kwa hiyo huduma ni bahati nasibu, inategemea umeangukia kwa nani, na hilo kwa mfumo uliokaa miaka yote hii si jambo la kujivunia.

Kuhusu sauti, kusikia kunahesabika sawa na kuona, na kwenye msitu mnene zaidi ya nusu ya kadi inaweza kuwa ni masikio tu. Siku hizi kuna apu ya Merlin, tangu 2021 inasikiliza milio na kukuambia huyu ni nani, vijana wengi wanakuja wakiwa wameishika mkononi. Ni mwalimu mzuri sana, ila kwa atlasi naomba sana isiwe ndio shahidi wako wa pekee. Inakosea, na kuna ndege wanaoiga milio ya wenzao wanaidanganya vizuri tu. Ikikuambia jina, tafuta ndege mwenyewe, au sikiliza tena mpaka masikio yako yakubali. Na kuchezea ndege rekodi ya mlio wake ili ajitokeze, tafadhali, hasa wakati wa kutaga, unamfanya aache kiota aje kupigana na simu.

Kwa upande wa viota kuna atlasi za ndege wanaotaga ambazo zinakutaka uweke alama ya ushahidi, kutaga kunawezekana, kuna dalili kubwa, au kumethibitishwa. Watu wanadhani kuthibitisha ni mpaka uchungulie kiota. Sio kweli na ni hatari, kunguru na nyoka wanafuata nyayo zako. Kaa mbali uangalie mdomo. Ndege mwenye kiwavi mdomoni ambaye hamezi, anaruka upande mmoja tu kila mara, huyo ana watoto, imethibitishwa, ondoka. Na kwa wale wanaoogopa kwamba ramani zitawapa majangili anwani, pentadi ni pana mno kumwonyesha mtu mti, na eBird nao aina zinazowindwa wanazificha, wanaonyesha eneo la kilomita 20 kwa 20 tu. Hapo wamefikiria.

Vifaa, haraka haraka. Darubini ya 8x42 inatosha, 8 ni kukuza na 42 ni milimita za kioo cha mbele, usirubuniwe na 10 au 12 kama mkono wako unatetemeka. Hata bila darubini unaweza kushiriki kwa masikio na macho, nimeona wanaofanya hivyo na kadi zao ziko vizuri.

Jambo ambalo maelekezo yao hayasemi na wanapaswa kulisema kwa herufi kubwa ni watu. Mgeni anatembea taratibu alfajiri, anasimama kila hatua tano, ana darubini na anaandika kwenye simu akiangalia upande wa nyumba za watu. Ungemwona wewe ungefikiri nini? Anza na salamu, eleza unafanya nini, onyesha ndege kwa darubini mtoto au mzee aliye karibu, na ukimaliza hapo utaambiwa bundi analala wapi. Kambi za jeshi, mipaka, mabwawa ya umeme, kaa mbali na hizo hata kama pentadi ni tupu, hakuna kadi inayostahili siku nzima ya kuhojiwa. Mwanamke anayetoka peke yake ana mahesabu mengine zaidi na mfumo hauna hata sehemu ya kuunganisha watu wa karibu watoke pamoja, mpaka mjuane wenyewe. Hilo ni pengo kubwa, na ndio sababu moja ya ramani kuwa na rangi kando ya barabara na mijini na kuwa tupu kwingine, kadi zinafuata wenye magari. Wachambuzi wana njia za kihesabu za kurekebisha upendeleo huo, sawa, lakini hesabu haiwezi kumweka ndege ambaye hakuna aliyemfuata.

Jedwali la wanaoongoza silipendi. Mtu anafungua kadi kwenye pentadi ya nyumbani kila baada ya siku tano mwaka mzima ili jina lake likae juu. Kwa data sio mbaya, kwa kweli kadi nyingi za sehemu moja zinaonyesha misimu vizuri, lini mbayuwayu wanaingia lini wanatoka. Ila wanaoanza wakiangalia lile jedwali wanaona hawana nafasi humo. Wangeweka pia orodha ya waliofungua viboksi vipya ningeelewa.

Unarudishiwa nini? Ramani zako, takwimu zako, orodha ya kila pentadi uliyopita, na data zinapatikana kwa watafiti na kwa wewe ukizitaka. Asante sio nyingi. Mara moja moja ripoti ya tathmini ya mazingira inatoka kabla ya kujenga mitambo ya upepo au barabara na unakuta wametumia kadi za watu, hapo unajisikia vizuri, ingawa jina lako halimo popote.

Nyota 4 kati ya 5. Utaratibu wenyewe ningeupa 5 na nusu kama ingewezekana, apu 3, uhakiki 2 na wengine kati yao 5, ndio hesabu inavyokuja. Nyota iliyobaki wataipata wakiweka ile orodha fupi ya kugusa, wakiweka muda wa mwisho wa kujibu rekodi zinazosubiri, na salamu kwenye meseji zao. Kama una haraka au unataka ndege wa ajabu tu, hii sio yako, kaa na eBird utafurahi zaidi. Kama unaweza kuvumilia saa mbili na kuandika kunguru bila kununa, jisajili, fungua kadi ya kwanza kwenye pentadi unayoishi ambayo njia zake unazijua, toka kabla jua halijachomoza, na chaji pawabenki usiku.